Waya wa mita 10 na redio ya wati 5

Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia kikiwa kimepungua nguvu, lakini pwani nzima ilikuwa imekaa macho. Siku nane baadaye, Mei 12, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, karibu na Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko. Watu ambao riziki yao iko mtandaoni walihangaika siku kadhaa.

Wapo watu ambao mazungumzo yao ya mbali hayapiti kwenye nyaya hizo wala hayategemei mnara wa simu. Ni waendeshaji wa redio za ridhaa: walimu, mafundi, madaktari, wastaafu na wanafunzi waliopewa leseni ya kutuma na kupokea mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kusaidiana, bila malipo na bila biashara. Mimi ni mmoja wao. Nyumbani kwangu ni Kigamboni, lakini redio yangu hukaa zaidi kwenye begi la mgongoni kuliko mezani. Nimeitumia chini ya miembe, kwenye ufuko wa Bagamoyo na kwenye majabali ya Usambara.

Katika safari zote hizo nimethibitisha jambo moja, na ndilo linalonisukuma kuandika. Kama utasikika au hutasikika, waya uliotundika na mahali ulipoutundika vina uzito mkubwa kuliko bei ya redio. Kwa nchi zetu hii ni habari njema. Redio inaagizwa ng'ambo na ni ghali. Waya wa shaba unauzwa Kariakoo, miti ipo kila kijiji, na anga ya ikweta tumepewa bure.

Hesabu ya nguvu

Swali la kwanza ninaloulizwa na vijana ni hili: "Kaka, redio yako ina wati ngapi?" Nikisema tano, naona nyuso zinapoa. Taa moja ya LED ya sebuleni hutumia wati zaidi ya hizo.

Tuifanye hesabu. Redio zetu zina mita inayoonyesha ukubwa wa mawimbi yanayoingia, kuanzia S1 hadi S9. Ili sauti yako ipande kipimo kimoja kwenye mita ya anayekusikiliza, nguvu yako lazima iongezeke mara nne. Kutoka wati 5 unakwenda 20, kisha 80. Maana yake, mwenye mtambo wa wati 80 anakuzidi vipimo viwili tu. Kama ulikuwa unasikika S7, yeye anasikika S9. Mnasikika wote wawili.

Sasa itazame antena. Antena fupi ya gari yenye urefu wa mita mbili hivi, ikitumiwa kwenye megahezi 7, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kuwa joto kwenye koili yake na ardhini. Asilimia chache tu ndizo zinazotoka hewani. Ukiipelekea wati 100 huenda zikatoka wati chache. Mwenzako mwenye redio ya wati 5 na waya kamili wa mita 20 juu ya mwembe anatoa karibu zote tano. Mmoja ametumia fedha nyingi, mwingine amepanda mtini, na hewani wanakaribiana.

Kebo nayo inakula. Kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 30, kwenye megahezi 145, hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijaifikia antena. Kwenye megahezi 14 hasara ni ndogo zaidi, lakini ipo. Ndiyo maana ninaposafiri nabeba kebo fupi na kukaa karibu na mti.

Historia nayo inaunga mkono hesabu hii. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma waendeshaji wa ridhaa kwenye mawimbi mafupi ya chini ya mita 200, ambayo wataalamu wa wakati huo waliyaona hayana faida kwa masafa marefu. Hawakukata tamaa. Novemba 1923, Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, alizungumza na Fred Schnell na John Reinartz wa Marekani kwa mawimbi ya mita 110 hivi, na hayo yakawa mazungumzo ya kwanza ya pande mbili ya waendeshaji wa ridhaa kuvuka Atlantiki. Baadaye mashirika makubwa ya utangazaji na mawasiliano yalihamia kwenye mawimbi mafupi hayohayo.

Namna ya kuutundika waya

Antena ninayoipenda kuliko zote ni dipoli: waya mmoja uliokatwa katikati, kebo ikaungwa pale katikati, upande mmoja kwa mmoja. Heinrich Hertz alitumia ya namna hiyo katika majaribio yake ya miaka ya 1880, na mpaka leo haijazeeka.

Kanuni ya urefu wake ni rahisi: gawa 143 kwa masafa unayotaka, utapata urefu kwa mita. Kwa megahezi 14.2 unapata mita 10 na sentimita 7, yaani vipande viwili vya mita 5 na sentimita 3. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20 na ushee. Waya wa kawaida wa umeme wa nyumba unafaa kabisa. Katikati naweka kipande cha bomba la PVC kilichotobolewa matundu ili kibebe uzito wa kebo, na kila ncha naifunga kwa kamba ya manila.

Kupandisha ni kazi ya mshipi wa kuvulia. Narusha mshipi wenye chubwi juu ya tawi. Chubwi likishashuka upande wa pili nafunga kamba kwenye mshipi na kuvuta, kisha kamba ndiyo inayoupandisha waya. Mwembe na mkorosho ni miti mizuri kwa kazi hii. Mnazi ni mrefu lakini hauna tawi la kurushia, kwa hiyo kwenye minazi namwomba mkwezi apande na kamba, na malipo yake nampa. Mahali pasipo mti nasimamisha mwanzi mmoja katikati, ncha mbili za waya nikaziteremsha pande zote mbili hadi karibu na ardhi. Antena ikikaa hivyo husikika pande zote vizuri.

Kimo kina kazi yake. Dipoli ya megahezi 14 ikiwa mita 10 au zaidi juu ya ardhi hutupa nguvu nyingi ubavuni mwake, kwa pembe ya chini inayofaa kwenda mbali. Ukiitandaza mashariki hadi magharibi, nguvu inaelekea kaskazini na kusini: Ulaya upande mmoja, Afrika Kusini upande wa pili. Ukiigeuza kaskazini hadi kusini, unazielekea Brazili na nchi za mashariki ya Bahari ya Hindi. Kugeuza huko ni kuhamisha kamba mbili tu, na mara nyingi kumenipatia kituo ambacho sikuwa nakisikia.

Kabla ya kutuma napima. Siku hizi kuna NanoVNA, kifaa cha kupimia antena kinachoingia mfukoni, ambacho huchora mstari unaoonyesha masafa ambayo waya unayapokea vizuri. Mstari ukizama chini ya masafa ninayotaka, waya ni mrefu mno. Nakunja ncha kwa sentimita chache na kupima tena. Kifaa husoma pia uwiano unaoitwa SWR: 2 kwa 1 maana yake asilimia 11 hivi ya nguvu inarudishwa kutoka kwenye antena. 3 kwa 1 ni robo nzima. Chini ya 2 redio yangu inafanya kazi kwa raha. Kwa fundi kijana, mchoro huo mdogo unafundisha fizikia ya mawimbi kuliko sura nzima ya kitabu, kwa sababu anakunja waya na kuona jibu palepale.

Antena ya pili begini mwangu ni waya mmoja wa mita 20 unaolishwa kutoka ncha moja. Kwenye ncha hiyo kuna transfoma ndogo iliyosokotwa juu ya pete ya feraiti, mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa waya, inayoshusha ukinzani mara 49 ili ulingane na ohmu 50 za kebo. Waya huohuo mmoja unafanya kazi kwenye megahezi 7, 14, 21 na 28. Nikifika mahali jioni na giza linaingia, huo ndio ninaourusha.

Kwa nini milimani

Mjini kuna kelele. Sisemi honi na spika za baa. Nasema kelele za umeme. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu, inveta na vidhibiti vya sola vinamwaga uchafu kwenye mawimbi mafupi usiku na mchana. Kigamboni, mita yangu inaweza kusoma S7 wakati hakuna mtu yeyote anayesema. Kituo cha mbali kinachoingia S4 kinazama humo, hata kama chenyewe kinanisikia vizuri. Redio ya kubeba inakupa uhuru wa kuikimbia kelele hiyo, na faida yake ni kubwa kuliko kuongeza wati, kwa kuwa wati hazikusaidii kusikia.

Lushoto, huko Usambara, kwenye njia ya kwenda majabali ya Irente, mita inashuka mpaka karibu na sifuri. Siku moja nilifunga dipoli kati ya miti miwili na kuanza kuita. Mama mmoja aliyekuwa akiuza plamu na pichi kando ya njia alisimama kusikiliza. Nikajibiwa.

"Mwanangu, huyo unayesema naye yuko wapi?"

"Yuko Italia, mama."

"Kwa waya huu wa kuanikia nguo?"

"Kwa huuhuu, mama. Na betri ile pale chini."

Aliufuata waya kwa macho kutoka mti hadi mti, akageuka akatazama kilele kilichokuwa nyuma yetu. "Na mlima haumzuii?"

Ni swali zuri sana. Mawimbi ya megahezi 14 hayaupenyi mlima. Yanapanda juu, kilomita 200 mpaka 400 kutoka ardhini, kwenye tabaka la hewa nyepesi ambalo mionzi ya jua imezibandua elektroni zake. Tabaka hilo linaitwa ionosfia. Hapo mawimbi yanapindwa na kurudishwa ardhini, na kwa mruko mmoja yanaweza kufika kilomita 4,000 hivi. Italia ni mbali kuliko hapo, kwa hiyo sauti yangu ilishuka, ikagonga ardhi au bahari, ikapanda tena, ikashuka kwa yule Mtaliano. Nilimweleza mama hivyo, akaniuliza kama jua likizama mawimbi nayo yanalala. Mengine yanalala, nikamwambia. Megahezi 28 hufunga mapema usiku. Megahezi 7 ndiyo kwanza inaamka.

Tabaka hilo lina siku zake mbaya pia. Mei 10, 2024, siku mbili kabla ya nyaya za baharini kukatika, dhoruba ya jua iliyofika daraja la juu kabisa iliivuruga ionosfia ya dunia nzima na mawimbi mafupi yakaharibika sehemu nyingi. Ndiyo maana hakuna njia moja ya mawasiliano inayotosha peke yake. Nchi yenye busara huwa na kadhaa.

Anga tuliyopewa

Watu wa nchi za kaskazini hulipia gharama kubwa za milingoti na antena kubwa kutafuta kile ambacho kwetu kipo juu ya paa. Jua la ikweta linaipiga ionosfia yetu karibu wima mwaka mzima, kwa hiyo megahezi 21 na 28 hufunguka kwetu hata siku ambazo Ulaya ya kaskazini iko kimya.

Kuna zaidi. Ionosfia haina unene mkubwa kuliko wote juu ya ikweta ya sumaku yenyewe. Elektroni zinanyanyuliwa hapo na kumwagika pande mbili, zikajikusanya kwenye matuta mawili yaliyo umbali wa digrii 15 hivi kaskazini na kusini. Jambo hilo linahusishwa na jina la Edward Appleton, Mwingereza aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1947 kwa utafiti wake wa anga ya juu. Ikweta ya sumaku upande wetu inapita Ethiopia. Shuka digrii 15 kusini, utajikuta karibu na Dar es Salaam. Tumekaa chini ya moja ya sehemu nene kabisa za ionosfia ya dunia. Baada ya magharibi utaisikia hali hiyo kwa masikio yako: sauti kutoka mbali huanza kutetemeka, elektroni zikichafuka huko juu.

Jua nalo lina mzunguko wake wa takriban miaka 11. Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kuwa limeingia kipindi cha kilele. Miaka ya kilele ni miaka ya neema kwa mwenye redio ndogo.

Na tunayo bahari. Waya uliosimama wima hutegemea sana ardhi iliyo chini na mbele yake, na hakuna ardhi inayoyachukua mawimbi vizuri kama maji ya chumvi. Bagamoyo nasimamisha waya wa mita 5 kwenye fimbo ya fibaglasi ya kuvulia, nyaya nyingine chache nikazitandaza kwenye mchanga mbichi kuwa ardhi yake, maji yakiwa yamejaa. Mbele ni bahari kuelekea India, Uarabuni na Mashariki ya Mbali. Pembe ya mawimbi inashuka chini kabisa, na vituo ambavyo bara nilivisikia kwa shida vinaingia wazi.

Ufukoni hapohapo nimetumia tiara. Guglielmo Marconi, Desemba 1901 huko Newfoundland, aliunyanyua waya wake wa kupokelea kwa tiara ili kunasa herufi S iliyotumwa kutoka Cornwall, Uingereza. Upepo wa kusi unaweza kubeba waya mwembamba wa mita 20 alasiri nzima. Watoto wa Bagamoyo wanaijua tiara kuliko mimi, na wao ndio hunisaidia kuirusha. Sharti langu kwao halina mjadala: mbali na nyaya za umeme, na mawingu ya mvua yakionekana tunateremsha.

Ni ufukoni huko nilipopata mazungumzo ninayoyakumbuka kwa furaha kuliko yote. Niliita kwa Kiingereza, na mzee mmoja wa Muscat alipoisikia alama yangu ya wito inayoanza na 5H, ya Tanzania, akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja, akaniuliza hali ya pwani na bei ya karafuu. Nilimsalimia shikamoo kwa wati 5 kuvuka karibu kilomita 4,000, akaniitikia marahaba. Oman ina mapenzi ya muda mrefu na redio hizi. Hayati Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa na alama yake, A41AA, kama Mfalme Hussein wa Jordan alivyokuwa JY1.

Redio za begini na za mkononi

Redio ya kutuma na kupokea inayobebeka imebadilika sana katika robo karne hii. Yaesu FT-817, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliweka mawimbi mafupi na masafa ya juu kwenye boksi la kilo moja na kidogo lenye wati 5. Elecraft KX2 ni nyepesi zaidi na inatumia umeme kidogo sana inaposikiliza. Icom IC-705 ya mwaka 2020 ina skrini inayokuonyesha kipande kizima cha masafa kwa wakati mmoja, nani anasema na wapi pako wazi, na inatoa wati 10 ukiiunganisha na betri ya nje ya volti 12.

Umeme wake hausumbui. Redio ya aina ya FT-817 hula nusu ampea hivi ikisikiliza na ampea 2 ikituma. Betri ya UPS ya volti 12, saa-ampea 7, inatosha nusu siku bila wasiwasi, na paneli ndogo ya sola inaijaza tena.

Wengi huanza na redio ya mkononi, ile wanayoiita redio koli, na zile za bei nafuu kama Baofeng UV-5R zimeenea kote. Hizo hutumia megahezi 144 hadi 146 na 430 hadi 440, ambako mawimbi kwa kawaida hayarudishwi na ionosfia. Yanakwenda karibu moja kwa moja, na upeo wa macho ndio mpaka wake. Zidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo chako kwa mita, utapata kilomita za upeo. Mtu aliyesimama uwandani ana kama 5. Aliyesimama juu ya jabali la Irente, karibu mita 1,000 juu ya tambarare ya Mazinde, ana kama 130. Nimeshika redio ileile, yenye wati zilezile, chini na juu ya jabali hilo, na tofauti ilikuwa kama ya redio mbili.

Hata hapo antena inatawala. Kijiti cha mpira kinachokuja na redio kimefupishwa ili kiingie mfukoni, na kinalipa gharama ya ufupi huo. Weka fimbo ya sentimita 49, yaani robo ya wimbi, kisha ning'iniza waya wa urefu huohuo kutoka kwenye shingo ya antena ushuke chini, uwe nusu ya pili ya dipoli. Waya huo unagharimu shilingi chache, na watu watakuuliza umenunua redio mpya gani.

Setelaiti iliyo juu ya Kisangani

Novemba 2018 setelaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2 ilirushwa, na ndani yake kukawa na mtambo wa waendeshaji wa ridhaa unaoitwa QO-100, wa kwanza kukaa mahali pamoja angani kwa kulingana na mzunguko wa dunia. Unasimama juu ya ikweta kwenye digrii 25.9 mashariki. Fungua ramani: hapo ni jirani na Kisangani, Kongo. Ulaya ya kaskazini wanauona chini zaidi angani na huenda wakalazimika kutafuta mwanya kati ya majengo. Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Bujumbura unakaa juu sana angani, bila mti wala ghorofa la kuuziba.

Kuusikia unahitaji dishi la kawaida la televisheni, LNB (kichwa cha dishi) iliyotulia na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Madishi ya zamani yapo mengi juu ya mapaa yetu, yakishika kutu. Kila moja lingeweza kuwa darasa.

Siku ya maafa

Desemba 2004 mwendeshaji wa ridhaa Bharathi Prasad wa India alikuwa visiwa vya Andaman na wenzake, wamekwenda kuvitangaza hewani kama wafanyavyo wapenzi wa redio. Tsunami ya Desemba 26, ileile iliyofika mpaka Somalia, Kenya na Tanzania, ilipokata mawasiliano ya visiwa hivyo, redio yao ikawa njia ya kupeleka habari za walio hai kwa jamaa zao na kupokea maombi ya misaada. Walikwenda kwa mapenzi ya burudani, wakabaki kwa kazi ya kuokoa.

Kwa maafa ya nyumbani, antena tunayohitaji ni iliyotundikwa chini, wala si juu. Dipoli ya megahezi 7 ikifungwa mita 3 hadi 5 tu kutoka ardhini hutupa mawimbi karibu wima, nayo yanarudi kama mvua juu ya eneo la kilomita mia kadhaa, mabondeni na nyuma ya milima. Mchana, kwa ionosfia yetu nene, njia hiyo hufanya kazi vizuri sana. Kituo cha Mafia, cha Rufiji, cha Tanga na cha Morogoro vinaweza kuzungumza vyote kwa pamoja bila mnara hata mmoja uliosimama. Kwa sasa wenye uwezo wa kufanya hivyo ni wachache mno, na hilo linaniuma.

Pa kuanzia

Kutuma bila leseni ni kosa. Tanzania leseni ipo mikononi mwa TCRA, Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda kwa UCC. Ukiipata utapewa alama ya wito inayotambulisha nchi yako popote duniani: 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo. Alama hizi zinatafutwa sana kwa sababu ni chache hewani. Nikiita tu kwa 5H, wanaojibu hupanga foleni kutoka mabara matatu.

Fedha ya kwanza iende kwenye waya, kamba na mshipi. Ya pili, kebo nzuri na plagi zilizolehemiwa kwa uangalifu. Ya tatu, betri. Redio iwe ya mwisho, hata ikiwa ya mtumba, na bora ikinunuliwa na kikundi: klabu ya sayansi ya shule, chuo cha VETA, kituo cha vijana. Na mafunzo yake yatolewe kwa Kiswahili, maana kijana anayeweza kupima ukinzani wa antena kwa lugha anayoiota usiku ataelewa mara mbili.

Kila Oktoba, mwishoni mwa wiki ya tatu, maskauti wa dunia hukutana hewani katika jambori lao la redio, desturi iliyoanza miaka ya 1950. Mwenye leseni huwasimamia na wao husema. Ningependa kusikia shule za Lushoto, Kilwa, Kigoma na Pemba zikiita. Nimekwisha kumwahidi mwalimu mmoja wa skauti kuwa nitakuja na waya, mwanzi na chubwi, na wanafunzi wake ndio watakaoukata kwa kipimo, kuupandisha na kuupima. Walimu wengine wakihitaji hivyo hivyo, mimi na wenzangu tupo. Siku ya jambori tutakuwa kwenye megahezi 14.290, tukisikiliza, na kila 5H itakayoita itajibiwa.